Brashi ya Babu na Kichwa cha Mtoto

Miongoni mwa vitu vinavyotoka katika masanduku ya wazee huku Njukini, chini ya mlima Kilimanjaro, ni brashi za zamani za kunyolea: mpini wa mti au wa pembe, na kishungi cha manyoya kilichonyonyoka. Wapo wanaozitengeneza upya kwa kujifurahisha, nayo ni kazi njema ya mikono. Lakini, akina mama, brashi hiyo huenda ikatolewa siku ya saba, mtoto anyolewapo nywele za akika, apakwe povu kichwani. Hapo yapasa kuuliza: manyoya haya ni ya mnyama gani?

Nyingi za bei nafuu zilitiwa manyoya ya nguruwe. Ni manene, magumu, na ncha zake hupasuka. Mpini aghalabu huandikwa Bristle. Ukiona Badger, ni mnyama wa jamii ya nyegere: manyoya laini, yenye mkanda mweusi na ncha nyeupe. Za singa za farasi pia zipo.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata watu wa mwambao, nguruwe na nywele zake ni najisi nzito. Imamu Malik ana kauli nyepesi kuhusu nywele, nami simlaumu amfuataye. Manyoya ya mnyama asiyechinjwa kisheria nayo ni najisi, ijapokuwa si nzito. Farasi kwetu ni halali, na singa alizokatwa akiwa hai ni tohara. Najisi kavu haihamii mkono mkavu, hivyo brashi ya ukumbusho kabatini haina neno. Ila povu ni maji.

Ipo na sababu ya afya. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, vilivyopiganwa hata hapa Taveta, askari wa Uingereza na Marekani waliambukizwa kimeta kwa brashi za kunyolea, na vijidudu vyake hudumu miaka mingi.

Basi manyoya ya kale yasihuishwe, yabadilishwe. Yaloweshwe kwanza yasitoe vumbi, mtengenezaji avae glavu na kuziba pua, kisha ayakate na kukwangua mabaki ya gundi polepole, kwani haraka hupasua mpini. Ikiwa yalikuwa ya nguruwe, mpini uoshwe mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Kishungi kipya cha nyuzi za nailoni hugandishwa kwa gundi na kuachwa siku nzima. Wengine huuliza kuhusu mkonge, kwa kuwa mashamba yake yako jirani. Mkonge ufae viatu, ngozi ya kitoto haiuwezi.