Siri ya feri za Uswidi na Ufini kufunga gati Åland usiku wa manane

KARIBU saa tisa usiku, abiria wengi wakiwa usingizini, feri ya usiku inayosafiri kati ya Stockholm, Uswidi, na Turku, Ufini, hupunguza mwendo na kufunga gati Långnäs, bandari ndogo katika Visiwa vya Åland. Watu wachache hushuka, magari machache huingia, na baada ya muda mfupi chombo huondoka.

Mgeni huenda akadhani kwamba hicho ni kituo cha kawaida cha kuchukua abiria. La hasha. Kituo hicho ndicho kinachofanya nauli iwe nafuu, maduka ya melini yapate faida na malori ya mizigo yavuke bahari kila siku.

Feri hizi si pantoni za kuvukia mlangobahari. Ni meli za ghorofa nyingi zenye vyumba vya kulala, mikahawa, kumbi za muziki na maduka. Chini yake mna sitaha ya magari, ambako malori hupangwa kwa safu. Safari ya Stockholm hadi Turku huchukua takriban saa 11, na ile ya Stockholm hadi Helsinki takriban saa 17. Meli hupenya katikati ya maelfu ya visiwa vya mawe, na wakati wa baridi kali hulazimika kupasua barafu, kwa kuwa maji ya Bahari ya Baltiki yana chumvi kidogo na huganda kwa urahisi.

Ili kuelewa umuhimu wa Åland, yafaa kwanza kuielewa kodi. Pombe na sigara hutozwa ushuru mkubwa katika nchi hizi mbili. Isitoshe, vinywaji vikali huuzwa hasa katika maduka ya mashirika ya serikali, yaani Systembolaget nchini Uswidi na Alko nchini Ufini. Kwa hivyo, duka la melini lisilotoza kodi ni kivutio kikubwa. Wapo hata wanaopanda feri bila nia ya kufika kokote. Hulala melini, hula, hununua, kisha hurejea walikotoka.

Hadi mwaka 1999, uuzaji wa bidhaa bila kodi uliruhusiwa katika safari za baina ya mataifa ya Umoja wa Ulaya. Ruhusa hiyo ilikoma kuanzia Julai 1 mwaka huo, kwa hoja kwamba katika soko moja haifai mtu kusamehewa kodi kwa sababu tu amevuka mpaka wa ndani. Nchini Ujerumani, safari fupi za baharini ambazo watu walizipanda ili kununua siagi, pombe na sigara kwa bei nafuu zilipoteza msingi wake.

Feri za Uswidi na Ufini ziliponea kwa sababu ya mkataba uliotiwa saini kabla ya hapo. Nchi hizo mbili zilijiunga na Umoja wa Ulaya Januari 1, 1995. Åland, jimbo la Ufini lenye mamlaka ya ndani na wakazi wapatao 30,000 wanaozungumza Kiswidi, lilikubali kuingia kwa masharti maalumu. Kwa masharti hayo, visiwa hivyo vimo ndani ya muungano wa forodha wa Ulaya, lakini viko nje ya eneo la kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa. Meli inayotua huko, hata kwa dakika chache, huhesabiwa kuwa imetoka nje ya eneo hilo la kodi. Ndipo duka lake linapopata haki ya kuuza bila kodi.

Hadhi hiyo ya pekee ina mizizi ya kale. Åland, pamoja na Ufini yote, ilikuwa chini ya Uswidi hadi mwaka 1809, ilipotwaliwa na Urusi. Ufini ilipojipatia uhuru mwaka 1917, wakazi wa visiwa walitaka kurudi Uswidi. Mzozo huo ulifikishwa mbele ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa. Mwaka 1921 shirikisho hilo liliamua kwamba visiwa vibaki Ufini, mradi lugha na mila za wenyeji zilindwe.

Hata hivyo, afueni hiyo ina gharama. Kwa kuwa kuna mpaka wa kodi baina ya Åland na sehemu nyingine za Ufini, mfanyabiashara wa visiwani anayeagiza bidhaa kutoka bara hulazimika kujaza stakabadhi za forodha, ingawa hajatoka nje ya nchi yake. Wenyeji wamevumilia usumbufu huo maadamu usafiri wa meli ni nguzo ya uchumi wao. Kampuni ya Viking Line ina makao yake makuu Mariehamn, mji mkuu wa visiwa hivyo.

Faida haiishii Åland. Abiria anayenunua manukato au chupa ya mvinyo ghorofani humsaidia pia mwenye lori lililoegeshwa chini, kwani gharama za safari hugawanywa baina ya abiria, duka na mizigo. Uhusiano huo ulidhihirika mwaka 2020, janga la korona lilipozuia watu kusafiri. Biashara ya abiria ilipoporomoka, serikali ya Ufini ililazimika kutoa fedha za umma ili baadhi ya njia za baharini zisikatike. Kwa Ufini, ambayo sehemu kubwa ya biashara yake ya nje hupitia baharini, hilo lilikuwa suala la usalama wa taifa. Umuhimu wa njia za magharibi umezidi tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, na Ufini kuvifunga vituo vyake vya abiria kwenye mpaka wa mashariki mwishoni mwa mwaka 2023.

Wakati huohuo, mvuto wa duka la melini unakabiliwa na ushindani. Mwaka 2018 Ufini iliruhusu maduka ya kawaida kuuza vinywaji vyenye kileo cha hadi asilimia 5.5, na mwaka 2024 ikapandisha kiwango hicho hadi asilimia 8 kwa vinywaji vilivyochachushwa. Kadiri mlevi anavyopata kinywaji karibu na kwake, ndivyo sababu ya kupanda meli inavyopungua.

Kwa Mkenya anayepanga safari hiyo, viza moja ya Schengen yatosha, kwa kuwa Uswidi, Ufini na Åland zote zimo katika eneo hilo tangu Machi 2001. Pasipoti isiachwe nyuma. Saa nazo zirekebishwe, kwani Ufini iko mbele ya Uswidi kwa saa moja. Ununuzi pia una mipaka. Abiria anayeshuka akitokea Åland hupewa kiwango cha mtu atokaye nje ya Ulaya, kikiwemo lita moja ya pombe kali na sigara 200, na akizidisha hudaiwa kodi.

Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Meli hizo ziliundwa kwa chuma, lakini nauli zake nafuu ziliundwa kwa vifungu vya mkataba. Siku vifungu hivyo vitakapofutwa, huenda meli zikaendelea kuelea, ila mwenye lori na mkazi wa kisiwani watalazimika kulipa yale ambayo hadi sasa yamelipwa na mnunuzi wa dukani.