Seva Inapokaa Kimya

Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, kutuma fedha kwa simu kumezoeleka kiasi kwamba hitilafu zake huhesabiwa kuwa ni matatizo ya mtandao tu. Hata hivyo, moja ya maswali magumu zaidi katika usanifu wa programu, yaani namna ya kuzigawa sehemu za programu na kuamua zitakavyowasiliana, limo katika tukio dogo linalofahamika na wengi: ombi limetumwa, mtandao umekatika, na jibu halikurudi.

Ukimya huo una maana zaidi ya moja. Huenda ombi halikufika kabisa kwenye seva, ambayo ni kompyuta inayopokea na kutekeleza maombi. Huenda lilifika, seva ikazimika kazi ikiwa nusu. Na huenda fedha zimekwisha kuhamishwa, ila jibu ndilo lililopotea njiani. Aliyeshika simu hawezi kuzitofautisha hali hizo. Wataalamu walilichambua tatizo hili mwaka 1975, na baadaye Mmarekani Jim Gray akalifananisha na majenerali wawili wanaotaka kushambulia kwa wakati mmoja ilhali wajumbe wao hupita katika bonde lililoshikwa na adui, hivyo kila ujumbe huhitaji uthibitisho, na uthibitisho nao huhitaji uthibitisho wake, bila kikomo. Imethibitishwa kimantiki kwamba ujumbe hata uwe mwingi kiasi gani hauwezi kuwapa wote wawili uhakika kamili. Kwa kuwa ukimya hauepukiki, kazi ya msanifu ni kuhakikisha kwamba ombi likirudiwa halileti madhara.

Njia yenyewe ni nyepesi kuieleza. Kila ombi hupewa nambari yake ya pekee kabla halijaondoka kwenye simu, na nambari hiyo haibadiliki hata ombi likitumwa mara kumi. Seva inayopokea agizo tupu la kutoa shilingi 20,000 itazitoa kila inapoagizwa; inayopokea agizo lenye nambari hutazama kwanza kama nambari hiyo imekwisha kutekelezwa, na ikiwa ndivyo, hurudisha jibu lilelile la awali bila kugusa salio.

Ugumu umo katika kuihifadhi nambari hiyo. Ikiandikwa baada ya fedha kutolewa, na seva ikazimika katikati ya hatua hizo mbili, ombi likirudiwa litatoa fedha mara ya pili. Ikiandikwa kabla, ombi lisilotekelezwa litaonekana limekamilika. Kwa hiyo kupunguza salio la mtumaji, kuongeza la mpokeaji na kuandika nambari lazima viwe muamala mmoja usiogawanyika, ambao hufanyika wote au haufanyiki kabisa. Gray, aliyepata Tuzo ya Turing mwaka 1998, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulifanyia kazi jambo hili, na mbinu iliyoenea ni kuandika kwanza kwenye diski kumbukumbu ya kila badiliko, ili seva ikiwaka tena isome kumbukumbu hiyo, ikamilishe yaliyothibitishwa na kufuta yaliyoachwa nusu.

Ulinzi wote huo unaweza kubomolewa na sentensi moja kwenye kioo cha simu. Programu inayoandika kwamba muamala umeshindikana, wakati ukweli ni kwamba jibu halijapatikana, inamweleza mtumiaji jambo isilolijua, na mtu aliyeambiwa hivyo huanza upya kwa haki kabisa, akitengeneza ombi jingine lenye nambari nyingine ambalo seva haina namna ya kulitambua kuwa ni marudio. Programu inayomheshimu mwenye fedha humwambia kwamba matokeo bado hayajajulikana, huitunza nambari ya awali hata simu ikizimwa, na mtandao ukirudi huiuliza seva kwanza kuhusu nambari hiyo kabla ya kumruhusu kutuma tena.