Ukiomba Mungu alinde ulimi wako, kumbuka pia kupiga simu

Hebu nikuulize. Mara ya mwisho ulipopiga magoti, uliomba nini? Kazi? Karo? Kodi ya nyumba? Mimi huomba hizo zote, tena kwa sauti. Lakini kuna ombi moja ambalo wengi wetu hatuligusi kabisa: Mungu, nisaidie na huu mdomo wangu.

Nakwambia hivi kwa sababu mwaka jana mdomo wangu, au tuseme vidole vyangu, vilimnyamazisha mtu.

Ilikuwa Jumapili ya kawaida tu katika kanisa letu la mtaani. Jamaa mmoja wa kwaya, ambaye nimemjua tangu tukicheza mpira wa karatasi, alipewa ubeti aimbe peke yake. Kufika pale juu, sauti ikamkatika. Ikatoka kama mlango wenye bawaba kavu. Watu wakatabasamu, yeye akameza mate, akaimba hadi mwisho. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma, simu mkononi. Kabla sadaka haijamaliza kupita, video ilikuwa tayari mtandaoni, nimeibandika maneno ya kejeli ambayo sitayarudia hapa.

Manze, ilisambaa! Kufikia jioni watu nisiowajua walikuwa wakinifuata. Kuna mtu hata alimtengenezea stika za WhatsApp. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Jumapili iliyofuata jamaa hakuja kanisani. Iliyofuata pia hakuja. Mwezi ukaisha.

Halafu kiongozi wetu wa vijana akanipigia simu. "Ndugu, Jumapili ya vijana mada yetu ni ulimi. Wewe ni mtu wa maneno, utatuongoza kwa maombi." Nikakubali papo hapo. Sikushtuka hata kidogo. Hapo ndipo nilipokuwa nimefika.

Maombi ya kale

Nilijifungia ndani nikaanza kusoma. Kumbe hili ombi la mdomo si la jana. Katika Zaburi ya 141, mwombaji anamsihi Mungu amwekee mlinzi kinywani. Ukiishi ploti yenye soja unaelewa haraka. Soja hafungi geti siku nzima, la sivyo hakuna atakayeenda kazini. Kazi yake ni kuangalia nani anapita na amebeba nini.

Zaburi ya 19 nayo inafunga kwa kuomba kwamba maneno ya kinywa na mawazo ya moyo yampendeze Mungu. Bila shaka umewahi kumsikia mhubiri akiomba hivyo kabla ya kuanza mahubiri. Kuna pia Isaya, sura ya sita. Alipouona utukufu wa Mungu, kilichomtisha kwanza ni midomo yake michafu, na ya watu anaoishi nao. Serafi akachukua kaa la moto madhabahuni, akamgusa nalo mdomoni. Baada ya hapo Isaya hakuambiwa anyamaze. Alitumwa aende akaseme.

Ukienda Misa ya Wakatoliki, tazama watu wanachofanya kabla ya Injili kusomwa. Wanachora msalaba mdogo kwa kidole gumba kwenye paji la uso, midomoni na kifuani. Wengi wetu tulifunzwa tukiwa watoto, tukaendelea kufanya kama mazoea. Ila ni ombi kamili: neno likae akilini, midomoni na moyoni. Kwetu Waanglikana, tunapoungama, tunakiri kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo. Nimeyasema hayo tangu nikiwa mdogo. Ila sikuwahi kusimama kwenye "maneno" nikajiuliza, maneno gani? Nilimwambia nani?

Nikaandika maombi matamu, si utani. Nikaweka Yakobo sura ya tatu, pale anapofananisha ulimi na cheche ndogo inayoteketeza msitu, halafu anashangaa vipi kinywa kilekile kinambariki Mungu na kuwalaani watu. Jumapili ikafika, nikaomba, kanisa likaitikia Amina kwa nguvu. Nikajiona nimefanya kazi safi.

Tulipotoka nje, mama yake yule jamaa akanishika mkono. Hakuwa na hasira. Akasema polepole, "Asante kwa maombi, mwanangu. Lakini kijana wangu haimbi tena. Hata nyumbani."

Sikupata la kumjibu.

Maneno hufika mbali

Labda utaniambia, "Wee, hiyo ni video tu. Vijana hutaniana." Nami nilijiambia hivyohivyo. Lakini sisi Wakenya ndio watu wa mwisho wa kusema maneno ni maneno tu.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na wengine zaidi ya 600,000 wakafurushwa makwao. Januari 1, 2008, kanisa lilichomwa pale Kiambaa, karibu na Eldoret, likiwa na watu waliokimbilia humo kutafuta usalama, wengi wao wanawake na watoto. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka watu wazima wakizima redio tukiingia sebuleni. Panga na kiberiti havikutangulia. Yalitangulia maneno: jumbe fupi za simu zilizosambazwa usiku, matusi kwenye baadhi ya vipindi vya redio, majirani kuitwa "madoadoa" na "kwekwe". Ukishamwita mtu doa, kinachobaki ni kumfuta. Ukimwita kwekwe, umeshamwambia mwenye jembe la kufanya.

Ndiyo maana mwaka huohuo wa 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyozaa tume ya NCIC. Ukipatikana na hatia ya matamshi ya chuki unaweza kupigwa faini ya hadi Sh1 milioni, au kufungwa hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Ni sawa. Ila sheria hufika mtu akishasema. Ombi la Zaburi linataka kumfikia mapema, neno likiwa bado kooni.

Na tuwe wakweli, kanisani pia tumechafua. Mara ngapi umesikia mtu akisema, "Tumwombee dada fulani," halafu siri yote ya dada fulani ikamwagwa mbele ya kikundi kizima? Huo ni umbea uliovaa kanzu. Na mara ngapi mtu anakuombea huku akikupiga vijembe? Mwaka niliotoka chuoni kwa kukosa karo, jamaa mmoja wa familia alishika zamu ya kuomba kabla ya chakula, akamshukuru Mungu kwa watoto "wanaojua thamani ya masomo". Kila jicho likanigeukia. Nilisema Amina, lakini wali ulinishinda kumeza.

Siku hiyohiyo jioni, shosh wangu aliniita jikoni. Akaweka mkono kichwani mwangu, akaomba kwa ufupi. Akataja jina langu lote, lile la ubatizo na lile la babu nililorithi. Akamwambia Mungu, "Huyu ni wangu, na hajaisha." Basi. Karo haikupatikana. Ila usiku huo nililala, na hata sasa siku zikiwa ngumu mimi hurudia hayo maneno matatu ya mwisho. Mithali inasema kuna maneno yanayochoma kama upanga, na kuna ulimi unaoponya. Mimi nilikutana na yote mawili siku moja, katika nyumba moja, na yote yalikuja kama maombi.

Acha sadaka, nenda kwanza

Baada ya kuambiwa na yule mama, nilitaka kufanya rahisi: nimwombe Mungu msamaha, niifute video, niendelee na maisha. Kuifuta niliifuta. Lakini kuna mahali Yesu anafunga njia hiyo, Mathayo sura ya tano. Ukiwa madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka ndugu yako ana jambo nawe, acha sadaka palepale, nenda mkapatane kwanza, ndipo urudi. Soma tena uone. Hasemi ndugu ambaye wewe una jambo naye. Anasema ndugu aliye na jambo nawe.

Nikampigia. Hakushika. Kesho yake, hakushika. Siku ya tatu akashika, akanyamaza. Nikamwambia, "Ndugu, nilikukosea. Nilifanya kwa kutafuta wafuasi. Sina cha kujitetea." Alikaa kimya mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Unajua hizo stika bado zinatumwa?" Nikasema najua. Akasema, "Sawa," akakata.

Hapo ndipo nilipojifunza kuhusu maombi haya. Ukiomba ulimi wako uponye, jibu linaweza kuja kama namba ya simu usiyotaka kupiga. Ukisema Amina ukaishia hapo, ombi umelikatiza njiani.

Kwa hivyo kama unataka kujaribu, anza kidogo. Usiku, kabla hujalala, fungua simu usome ulichoandika siku hiyo: komenti, jumbe, hata zile za sauti. Ukikuta neno lililomchoma mtu, litaje kwa Mungu lilivyo, bila kulipamba. Mtaje mtu kwa jina. Asubuhi mtafute. Kama ulimkosea hadharani, omba radhi hadharani, usimfichie msamaha kwenye inbox. Na ukikumbuka mtu anayestahili neno jema, mwambie akiwa hai. Kwenye matanga tunawapa marehemu sifa ambazo wangezihitaji sana wakiwa nasi.

Mimi siku hizi naomba hivi, ukitaka unaweza kuazima:

Bwana, leo nimesema mengi.
Nionyeshe neno lililoumiza, na jina la niliyemuumiza.
Nipe ujasiri wa kumtafuta kabla jua la kesho halijatua.
Na nikikosa neno la kuponya, nipe adabu ya kunyamaza.
Amina.

Najua ungependa nikwambie jamaa alirudi kwenye kwaya akaimba tukalia sote. Hajarudi. Jumapili iliyopita alikuja ibadani, akaketi safu ya mwisho, karibu na mlango. Wakati wa kupeana amani nilitoka mbele nikaenda hadi nyuma kule. Alinipa mkono. Wimbo wa mwisho ulipoanza nilimtazama kwa pembe ya jicho. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Bado namwombea. Safari hii simu huwa mfukoni.