Deni Linapoingia Kliniki: Misaada ya Bure kwa Mgonjwa Aliyelemewa na Madeni

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haisemi lolote kuhusu kipindi kilicho kati ya kukopa na kulipa, na hicho ndicho kipindi ambacho afya ya mkopaji huharibika. Watu wengi waliolemewa na madeni hufika hospitalini wakilalamikia maumivu ya kichwa, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio au tumbo linalouma pasipo sababu kuonekana katika vipimo. Deni lenyewe hawalitaji. Makala haya yanaeleza jinsi deni linavyougusa mwili, na mahali ambapo mwenye deni nchini Tanzania anaweza kupata msaada bila kulipia.

Deni katika mwili

Mtu anayetishwa na mdai hupata mabadiliko yale yale ya mwili ayapatayo mtu aliyekutana na hatari njiani. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huongeza kasi, na sukari hupanda katika damu. Hali hiyo ikidumu kwa dakika chache humsaidia mtu kujiokoa. Ikidumu kwa majuma na miezi, huvuruga usingizi, huchangia kupanda kwa shinikizo la damu, na humfanya mgonjwa wa kisukari ashindwe kudhibiti sukari yake. Mtu akikaa katika msongo huo kwa muda mrefu, huweza kuingia katika sonona au wasiwasi uliopitiliza.

Njia ya pili ni ya mfukoni. Mgonjwa anayedaiwa huanza kumeza kidonge kimoja badala ya viwili ili dawa zifike mwisho wa mwezi. Huacha kliniki kwa kukosa nauli. Daktari asiyejua habari hiyo huona dawa imeshindwa, akaongeza nyingine iliyo ghali zaidi, na deni likakua.

Njia ya tatu ni ya fikra. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa wakulima wa miwa nchini India. Wakulima wale wale walipimwa uwezo wa kufikiri kabla ya mavuno, walipokuwa na dhiki ya fedha, na baada ya mavuno, walipokwisha kulipwa. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Akili yao haikuwa imepungua. Ilikuwa imeshughulishwa na dhiki. Kwa hiyo mwenye deni anayesahau tarehe ya kliniki, au anayekopa kwa masharti mabaya kuliko ya awali, hastahili kuitwa mzembe.

Mkopo unaokausha damu

Mikopo ya riba kubwa ya mitaani imepewa na wananchi jina la kausha damu, na hesabu yake inalithibitisha jina hilo. Tuseme mtu amekopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Akilipa riba peke yake kwa miezi 4, atakuwa ametoa shilingi 240,000, na bado atadaiwa shilingi 200,000 zile zile. Akikopa kwingine ili alipe, atakuwa na riba mbili. Hatua ya kwanza ya tiba, basi, ni kutoongeza mkopo mpya kabla ya kupata ushauri. Hatua ya pili ni kuandika madeni yote katika karatasi moja: nani anadai, kiasi gani, riba gani, na nini kimewekwa rehani. Karatasi hiyo ndiyo itakayohitajika popote mtu atakapokwenda kuomba msaada.

Mahali pa kupata msaada

Mlango ulio karibu zaidi na mgonjwa ni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Afisa ustawi wa jamii husikiliza bila malipo, huchunguza hali ya familia, na huweza kumwombea mgonjwa asiye na uwezo msamaha wa gharama za matibabu. Ni vyema kumwona kabla bili haijawa kubwa, wala si siku ya kuruhusiwa kutoka wodini.

Mlango wa pili ni msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua mawakili na wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia bure watu wasio na uwezo. Mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania hutoa huduma hiyo, na ofisi ya halmashauri huweza kumwelekeza mtu kwa wasaidizi wa kisheria walio katika eneo lake. Hao huusoma mkataba, hueleza haki za pande zote mbili, na husaidia kuomba muda zaidi wa kulipa. Deni la kawaida ni shauri la madai; mkopeshaji hana mamlaka ya kumweka mtu mahabusu. Aliyetishiwa kuchukuliwa samani au shamba amwone msaidizi wa kisheria kabla ya kutia saini karatasi yoyote mpya.

Mlango wa tatu ni Benki Kuu ya Tanzania. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha hana budi kuwa na leseni. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Mteja aliyeonewa na mkopeshaji mwenye leseni hulalamika kwanza kwa mkopeshaji mwenyewe kwa maandishi. Asiporidhika, hupeleka lalamiko Benki Kuu. Mkopeshaji akiwatumia ndugu na marafiki wa mdaiwa ujumbe wa kumwaibisha, lalamiko huweza pia kufikishwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ni ya kuanzisha au kukuza shughuli ya uzalishaji, si ya kulipia deni la zamani. Afisa maendeleo ya jamii wa kata huifafanua bila malipo. Yeyote anayedai ada ili alisogeze mbele jina la mwombaji anatafuta hongo.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Ndivyo ilivyo kwa mficha deni. Mhudumu anaweza kuifungua siri hiyo kwa swali moja la upole, faraghani: “Je, kuna jambo la fedha linalokunyima usingizi au linalokuzuia kununua dawa?” Jibu likiwa ndiyo, asimhukumu mgonjwa wala asimkopeshe fedha. Amwandikie dawa ya bei nafuu inayofaa, apange upya tarehe za kliniki ikiwezekana, na amfikishe mwenyewe kwa afisa ustawi wa jamii. Mgonjwa akisema kwamba amechoka kuishi au kwamba familia ingepata nafuu bila yeye, asiachwe peke yake. Aonwe siku hiyo hiyo na wataalamu wa afya ya akili.

Wahudumu wa afya nao hukopa, na wako watumishi waliokabidhi kadi zao za benki na namba za siri kwa wakopeshaji, wakabaki wakifanya kazi mwezi mzima pasipo kuuona mshahara. Milango iliyotajwa hapa iko wazi kwao pia. Mtu wa namna hiyo aende benki yake azuie kadi na kubadili namba ya siri, kisha amwone msaidizi wa kisheria ili deni halali lipangiwe malipo anayoyamudu. Deni litabaki kuwa la kulipwa, lakini litalipwa na mtu anayelala usiku na kumeza dawa zake kwa wakati.