Msitu wa Skrini Hauchukui Nafasi ya Mapumziko

Anayefanyia kazi nyumbani hana safari ya basi ya kumtenganisha na ofisi. Kikao kikiisha kingine kinaanza, meza ya chakula ndiyo meza ya kazi, na dirisha, kama lipo, linatazamana na ukuta wa jirani. Ikifika jioni mwili haujatoka jasho, ila kichwa kimechoka hasa.

Kwamba macho yakiona miti mwili hupata nafuu, si hadithi. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo huko Pennsylvania, Marekani. Waliolazwa penye dirisha la kuelekea miti waliruhusiwa mapema na kuhitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Na picha je? Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walikuta kwamba hata kutazama picha za mandhari ya asili kuliwaongezea watu umakini, tofauti na picha za mijini. Lakini mwaka huohuo, Peter Kahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walipima mapigo ya moyo baada ya msongo mdogo. Dirisha halisi lenye mandhari ya asili liliyatuliza upesi. Skrini kubwa yenye mandhari yaleyale haikuushinda ukuta mtupu.

Kwa hiyo tuitumie skrini tukijua mipaka yake. Kati ya kikao na kikao, zima arifa zote, fungua video ya bahari au msitu yenye sauti yake, kisha chagua kitu kimoja, tuseme wimbi. Lifuate tangu linapoinuka mpaka povu linapomalizikia mchangani, huku ukivuta pumzi polepole. Akili ikikimbilia barua pepe, irudishe bila kujilaumu. Huko kuirudisha ndiko zoezi lenyewe, na ndiyo njia ambayo Jon Kabat-Zinn, mwalimu wa kutafakari, amekuwa akiifundisha tangu 1979.

Dakika tano zinatosha kuanzia, mradi ziwepo. Hapo ndipo mwajiri anapohusika. Kumpa mfanyakazi programu ya utulivu, kisha kumtumia kazi saa nne usiku, ni kumdhulumu. Aachiwe nafasi kati ya vikao, na jua likiwa bado lipo, apate muda wa kutoka nje akae chini ya mti wa kweli.