Milingoti Haizuii Kelele za Lori

Swali halibadiliki. Linaulizwa Mafinga, linaulizwa Uyole, na tangu lami ya barabara ya Iringa kwenda Msembe ilipoanza kuzungumzwa, linaulizwa hadi Idodi: "Mtaalamu, nipande mti gani ili kelele za magari zisinifikie?" Muulizaji huwa ni mstaafu. Amechukua kiinua mgongo, amejenga kando ya barabara kwa kuwa huko ndiko kiwanja kinakopanda thamani, na baada ya miezi michache ya kulala kwa vipande ameamua kwamba dawa ni miche. Mwingine hajaanza hata msingi. Anataka kujua atangulize miashoki au milingoti, yaani mikaratusi, ili zamu ya matofali ikifika iwe imeshakua.

Jibu ni kwamba hakuna mti wa namna hiyo. Hakuna wa kienyeji, hakuna wa kigeni, wala hakuna uliofichwa nyuma ya kitalu kwa wateja wenye pesa.

Kwa kuwa wengi wakijibiwa hivyo hutikisa kichwa na kwenda kumuuliza mtu mwingine, hesabu iwekwe mezani. Wahandisi wanaokadiria kelele za nje wana kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 9613-2, na ndani ya toleo lake la mwaka 1996 kuna jedwali la majani. Safu ya miti yenye unene chini ya mita 10 haimo kabisa kwenye jedwali hilo; mchango wake ni sifuri. Ikifika mita 10 hadi 20, na iwe imeshonana kiasi kwamba mtu haoni upande wa pili, inaondoa desibeli 1 kwenye sauti za kati. Kuanzia mita 20 na kuendelea, kila mita ya majani inaondoa desibeli 0.05 kwenye sauti ya hertz 500. Kwa hiyo msitu mnene wa mita 100 kwenda ndani unapunguza desibeli 5. Ili zipungue desibeli 10, kiasi ambacho sikio la kawaida hukichukulia kuwa kelele imekatika nusu, zinatakiwa mita 200 za msitu uliofungamana. Mstaafu mwenyewe ana kiwanja cha mita 20 kwa 30, na humo humo kuna nyumba, banda la kuku, tenki la maji na shimo la choo.

Hizo ni sauti za kati, na lori lililopakia shaba likipanda mlima halingurumi kwa sauti za kati. Kwenye hertz 63, mita zote 200 za msitu zinaondoa desibeli 4 tu. Hapo hapana uchawi. Sauti ya hertz 68 inaposafiri hewani ina wimbi lenye urefu wa mita 5, na jani la mlingoti lina upana wa vidole viwili. Wimbi la ukubwa huo linapita kwenye majani kama maji yanavyopita kwenye tenga.

Kibaya zaidi, mti unaopendwa kuliko yote ndio usiofaa kuliko yote. Mlingoti uliokomaa ni shina tupu tangu magotini hadi juu ya bati, na majani yake yako kule ambako hakuna mtu anayelala. Muashoki una majani tangu chini, lakini unene wake ni kama wa kabati la nguo.

Mtu wa Mafinga huwa anainua mkono hapa. Mbona ukiingia kwenye msitu wa Sao Hill, barabara kuu huisikii? Ni kweli huisikii. Lakini ili afike kwenye ukimya huo ametembea kama mita 300 kutoka kwenye lami, na umbali huo peke yake, bila mti hata mmoja, umeondoa desibeli 15 ukilinganisha na aliyesimama mita 10 kutoka barabarani. Ardhi laini iliyojaa majani makavu ya misindano imemeza nyingine kadhaa. Miti imepewa sifa kwa kazi iliyofanywa na miguu ya aliyetembea.

Wapo pia wanaoapa kwamba walipanda na wakapata nafuu. Hawasemi uongo. Kuna watu ambao lori wasiloliona huwaudhi kidogo kuliko wanaloliona, na majani yakivuma kwa upepo hufunika sauti ndogondogo. Hiyo ni nafuu ya mchana, ukiwa barazani na kikombe cha chai. Usiku macho yamefumba. Vipimo vya usingizini vimeonyesha mara nyingi kwamba mapigo ya moyo hubadilika gari zito linapopita hata kama mlalaji haamki, na mwitikio huo wa moyo hauishi kwa mazoea, hata pale mtu anapoacha kuamka. Ndiyo maana "nimeshazoea" ni kauli ya mdomo; mwili haujatia saini. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kelele za barabarani zisizidi desibeli 45 kwa wastani wa usiku na 53 kwa wastani wa siku nzima, na miongoni mwa sababu lilizozitaja ni maradhi ya moyo. Mtu wa miaka 60 na kitu, ambaye pengine tayari ana kadi ya kliniki ya presha, hana sababu ya kulichukulia jambo hili kama udhia wa masikio tu.

Ipo faraja nyingine ambayo hutolewa na watoto wa mstaafu zaidi kuliko mstaafu mwenyewe: mzee masikio yamechoka, hasikii. Masikio ya uzeeni huanza kupoteza sauti nyembamba, ile "s" na "f" ya maneno. Mngurumo mzito wa lori hubaki. Matokeo yake ni kinyume cha faraja. Babu anausikia mngurumo vizuri, na mngurumo huo ndio unaomfunikia maneno ya mjukuu aliyekaa mbele yake.

Trei za mayai zinazobandikwa ukutani zisichukue nafasi kubwa hapa. Zinapunguza mwangwi ndani ya chumba, hazizuii sauti ya nje kuingia, na zinashika moto upesi.

Kuna na sheria. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara kuu, badala ya 22.5 za zamani. Miti inayopandwa "pale mbele" mara nyingi imo ndani ya hifadhi ya barabara, na siku TANROADS inapohitaji eneo lake mlingoti unaondoka pamoja na ukuta wenye alama ya X. Mbeya wanalijua hili kwa macho: kati ya Nsalaga na Ifisi, kilometa 29, barabara inapanuliwa kuwa njia nne.

Basi mstaafu afanye nini? Kwanza umbali, kwa sababu hauhitaji fundi. Kutoka mita 30 hadi 300 kunampunguzia desibeli 10, sawa na ule msitu wa mita 200, na kiwanja cha nyuma huwa na bei nafuu. Asijenge karibu na tuta wala rasta: lori tupu likiruka tuta hugonga chuma kwa chuma, kisha dereva hukanyaga mafuta upya. Asijenge kwenye mteremko ambako madereva hutumia breki ya injini. Aliyekwisha kujenga atafute kitu kizito kisicho na tundu. Ukuta wa tofali za kuchoma unaolificha lori machoni pa mtu aliye dirishani unatoa kama desibeli 5, na kila mita inayozidi hapo inaongeza kama 1.5, tofali za matundu za urembo hazitoi kitu, na geti lenye uwazi wa kupita paka linaharibu kazi ya ukuta mzima. Wa mlimani juu ya Ipogolo, anayeiona barabara yote chini yake, asipoteze tofali: sauti inampandia juu ya ukuta.

Dawa bora kwa wengi imo tayari kwenye ramani ya mstaafu, ila ameichora kwa ajili ya kodi. Ni fremu za maduka. Safu ya fremu tano au sita zilizoshikana mbele ya kiwanja, nje ya hifadhi ya barabara, bila uchochoro katikati, ni kizuizi cha kelele kinachojilipa chenyewe. Nyumba ikae nyuma yake. Kosa linalofanyika kila siku ni kuacha njia ya gari katikati ya fremu, ikielekea moja kwa moja kwenye dirisha la chumba kikuu. Njia hiyo ihamishwe pembeni. Na fremu isipangishwe kwa mtu wa baa, vinginevyo hesabu yote hii ianze upya.

Ndani ya nyumba: chumba cha kulala nyuma, jiko, stoo na choo mbele. Dirisha la kioo kimoja likifungwa linapunguza takriban desibeli 25, likiwa wazi 10 hadi 15. Luva ni kama liko wazi. Matundu ya hewa juu ya dirisha upande wa barabara yazibwe, yafunguliwe upande wa nyuma, na uwazi kati ya ukuta na bati ujazwe. Mbeya na Mafinga wanafunga madirisha wenyewe kwa baridi ya Juni na Julai. Idodi ni bondeni, kuna joto, na kumwambia mzee wa huko afunge dirisha usiku ni kumwonea. Kwake yeye umbali na upande wa chumba ndiyo mambo mawili ya kuamua kabla ya msingi. Miti apande, tena mingi, kwa kivuli na kwa vumbi la barabara. Hiyo kazi inaiweza.

Kuna na la pamoja. Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya sheria ya mazingira. Uganda, katika kanuni zake za mwaka 2003, iliyaweka makazi ya wazee kapu moja na hospitali: desibeli 45 mchana, 35 usiku. Kijiji kinachopitiwa na mradi wa barabara huitwa kwenye mikutano ya tathmini ya mazingira, na huko wananchi huuliza fidia, basi. Waulize pia tuta litawekwa wapi, kwa sababu likishamwagwa mbele ya nyumba ya mtu halihami.

Na anayetaka kununua kiwanja asiende kukiona saa nne asubuhi na dalali. Tangu mwaka 2023 mabasi ya abiria yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na malori ya Tunduma hayajawahi kulala. Aende saa saba usiku, akae nusu saa, azime redio ya gari. Programu ya simu ya kupima desibeli haiaminiki kwa namba yenyewe, lakini inatosha kulinganisha viwanja viwili kwa simu ile ile. Akishindwa kuongea na mwenzake bila kupaza sauti, asilipe.