Walowezi wa Nakuru na Dola Waliyoikosa

Bonde la Ufa la kati, yaani nchi inayoanzia Naivasha na Gilgil, ikapita Elementaita na Nakuru hadi Njoro, Rongai, Solai na Molo, lilipiganiwa mara mbili kwa madai ya kujitawala katika muda usiozidi miaka 60, na waliodai mara ya kwanza hawakuwa Waafrika. Walikuwa walowezi, yaani wageni waliohamia katika nchi iliyotwaliwa na serikali yao ili waishi humo daima, wamiliki ardhi na kuirithisha, tofauti na ofisa au mfanyabiashara anayekuja kwa muda kisha akarudi kwao. Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 hadi 1931 walowezi Waingereza, wakiongozwa na mkulima wa Njoro na Soysambu, Lord Delamere, walidai kwamba London iwaachie nchi waitawale wenyewe, na wakati mmoja baadhi yao walijiandaa hata kumteka gavana. Madai hayo yaligonga mwamba. Kushindwa kwao kuna uzito mkubwa kuliko unavyodhihirika katika masimulizi ya kawaida ya ukoloni, ambayo humtaja setla kama mnyang'anyi wa ardhi na kuishia hapo, bila kueleza ni dola ya namna gani aliyokuwa akikusudia kuijenga juu ya ardhi hiyo.

Mlango wa nchi ulifunguliwa na reli. Reli ya Uganda, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, ilifika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwishoni mwa 1901, ikiwa imegharimu zaidi ya pauni milioni 5 za walipa kodi wa Uingereza, nayo haikuwa na mizigo ya kutosha kulipia hata gharama za kuiendesha. Mwaka 1902 wilaya za Bonde la Ufa zilizokuwa chini ya Uganda zilihamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, jina la Kenya kabla ya 1920, na kamishna wake, Sir Charles Eliot, akaona kwamba dawa ya hasara ya reli ni kuleta wakulima Wazungu watakaozalisha mazao ya kusafirisha. Sheria ya Ardhi ya mwaka huohuo ikamruhusu mlowezi kukodishiwa ardhi ya serikali kwa miaka 99.

Ardhi hiyo, hata hivyo, ilikuwa na wenyewe. Wamaasai walikuwa wakilisha mifugo katika sehemu kubwa ya bonde, wakihama kwa kufuata mvua, na sehemu ambayo mgeni aliiona tupu mwezi wa Machi ilikuwa malisho ya akiba yaliyoachwa yapumzike. Agosti 1904 serikali ilifanya mkataba na oloiboni, yaani kiongozi wa kidini, Olonana na wazee wengine, ambao kwa mujibu wake Wamaasai waliondoka bondeni na kupewa maeneo mawili, moja Laikipia na jingine kusini mwa reli, kwa ahadi kwamba maeneo hayo yangekuwa yao maadamu kabila la Wamaasai lipo. Ahadi hiyo ilidumu miaka 7. Mwaka 1911 mkataba wa pili uliwatoa Laikipia pia ili nayo ifunguliwe kwa walowezi, na Wamaasai walipoishtaki serikali mwaka 1913, mahakama ilikataa kuisikiliza kesi kwa hoja kwamba mkataba ule ulikuwa tendo la dola kwa taifa la kigeni, ambalo mahakama za himaya hazikuwa na mamlaka ya kulihukumu. Kwa maneno mengine, Wamaasai walikuwa raia wa kutosha kuhamishwa kwa amri, lakini walipotaka haki waliambiwa ni wageni katika nchi yao. Ni vigumu kuisoma hukumu hiyo hata leo bila uchungu.

Miongoni mwa waliofaidika na kuondoka kwao, aliyepata eneo kubwa na kufahamika zaidi ni Hugh Cholmondeley, Baroni wa tatu wa Delamere, aliyekuwa ameingia nchini mara ya kwanza mwaka 1897 akitokea Somalia kwa kuwinda. Alipewa ekari 100,000 Njoro kwa miaka 99, kwa kodi ya pauni 200 kwa mwaka, yaani takriban nusu peni kwa kila ekari, kwa sharti la kutumia pauni 5,000 kuendeleza shamba katika miaka 5 ya kwanza. Kilichofuata kilimfunza kwamba malisho yanayopendeza macho yanaweza kuua. Kondoo wa merino aliowaleta kutoka New Zealand walidhoofika na kufa, na utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba nyasi za sehemu za Nakuru hazina madini ya kobalti ya kutosha. Wamaasai, ambao hawakuwa na maabara, walikuwa wakiepuka kulisha hapo kwa muda mrefu. Ng'ombe waliuawa na ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe, na ngano ilipopandwa ikashambuliwa na kutu, ukungu wenye rangi ya hudhurungi unaokausha shina kabla punje hazijajaa. Delamere alimwajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu, akaanzisha kampuni ya kusaga ya Unga, na jitihada hizo ndizo asili ya utafiti wa ngano unaoendelea Njoro hadi sasa. Haki inataka mambo haya yasemwe: walowezi hawa walifanya kazi, walipata hasara na walijifunza. Haki hiyohiyo inataka isemwe pia kwamba kazi ya jembe ilifanywa na mikono mingine, na kwamba siasa zao zote zilijengwa juu ya haja ya kuipata mikono hiyo kwa bei ya chini.

Siasa hizo zilianza mapema. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1907, na Delamere alikuwa mmoja wa wajumbe walioteuliwa. Vyama vya walowezi vya wilaya vikaungana katika Mkutano Mkuu wa Vyama, ambao wenyewe waliuita bunge la masetla na ambao maofisa wa serikali walihudhuria kujibu maswali. Sheria ya Ardhi ya 1915 ikarefusha muda wa kukodi kutoka miaka 99 hadi 999. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza maofisa wa jeshi walipewa mashamba kwa mpango maalumu, Waafrika wakatakiwa kubeba kipande, yaani hati ya utambulisho na ajira iliyovaliwa shingoni ndani ya kibati, na mwaka 1920 himaya ikawa Koloni la Kenya, ambamo Wazungu pekee ndio walioruhusiwa kuchagua wajumbe 11 wa Baraza. Kodi ya mapato iliyowagusa walowezi ilifutwa mwaka 1922 baada ya kelele zao, ilhali kodi ya vibanda na ya vichwa, iliyopandishwa hadi shilingi 16 kwa Mwafrika, ilipunguzwa mpaka shilingi 12 tu.

Walowezi wenyewe walipenda kujifananisha na Waingereza wa Amerika ya Kaskazini, ambao waliasi na kutangaza uhuru wao tarehe 4 Julai 1776, na mfano huo unastahili kuchunguzwa. Mwaka 1763 mfalme alikataza walowezi wa Amerika kuvuka milima ya Appalachia kutwaa ardhi ya wenyeji, na miongoni mwa malalamiko yaliyoandikwa katika tangazo la uhuru ni kwamba mfalme anazuia ugawaji wa ardhi mpya. Huko pia, basi, mgogoro wa walowezi na serikali yao haukuwa wa kodi na uwakilishi peke yake. Ulihusu pia nani aamue mpaka wa ardhi ya wenyeji, na walowezi waliposhinda mpaka huo ulivunjwa. Tofauti kubwa ilikuwa idadi. Makoloni 13 ya Amerika yalikuwa na watu wapatao milioni 2.5 walipoasi. Sensa ya 1921 iliwakuta Wazungu 9,651 katika Kenya nzima, pamoja na maofisa, wamisionari, wanawake na watoto, kati ya Waafrika zaidi ya milioni 2 na Wahindi zaidi ya 22,000.

Na ni suala la Wahindi lililoleta kilele cha mgogoro kati ya walowezi wa Kenya na London. Mwaka 1922 London ilipendekeza daftari moja la wapiga kura, ambamo Wahindi wachache wenye elimu na mali wangepiga kura pamoja na Wazungu. Wakati uleule Wazungu wa Rhodesia ya Kusini walikuwa wamepiga kura ya kujitawala, na mwaka 1923 wakapata serikali yao wenyewe. Walowezi wa Kenya, wengi wao askari wa zamani, waliunda kamati za siri na kupanga kuteka reli na simu, kumshika Gavana Robert Coryndon na kumficha katika shamba la mbali, na kuwafukuza Wahindi kuelekea pwani. Serikali ilizijua njama hizo na haikumkamata mtu, ingawa miezi michache kabla, Machi 1922, umati wa Waafrika uliokusanyika Nairobi bila silaha kudai kiongozi wao, Harry Thuku, aachiliwe ulikuwa umepigwa risasi. Tofauti hiyo ya adabu kati ya mwasi na mwasi inaeleza koloni lilivyokuwa kuliko waraka wowote.

Waraka hata hivyo ulikuja. Julai 1923 Waziri wa Makoloni, Duke wa Devonshire, alitangaza kwamba Kenya ni nchi ya Kiafrika, kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia yanapogongana na ya wahamiaji, na kwamba serikali ya kujitawala haiwezi kutolewa kwa walowezi. Waraka huo haukurudisha hata ekari moja: nyanda za juu zilibaki za Wazungu, Wahindi wakapewa viti 5 vya peke yao, na Waafrika wakawakilishwa na mmisionari mmoja, kwa kuwa Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia Barazani mwaka 1944 tu. Lakini ulifunga mlango ambao Rhodesia ilipitia. Delamere alijaribu dirisha, kwa kuitisha mikutano ya walowezi wa Afrika Mashariki na Kati huko Tukuyu mwaka 1925, Livingstone mwaka 1926 na Nairobi mwaka 1927 ili kujenga shirikisho litakaloongozwa nao. Tume zilizotumwa na London hazikulikubali, na yeye akafariki Novemba 1931, akazikwa Soysambu.

Walichokikosa katika dola walikitafuta katika shamba, na hapa ndipo mapambano ya pili yalipozaliwa. Maskwota, yaani wafanyakazi waliokaa shambani na familia zao wakiruhusiwa kulima sehemu ya ardhi na kufuga kwa malipo ya kazi yao, walikuja Bonde la Ufa kwa wingi, hasa Wakikuyu kutoka Kiambu ambao baadhi yao walikuwa wamepoteza ardhi huko. Sheria ya 1918 iliwataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Katika miaka ya 1920 mifugo yao iliondolewa kwa nguvu au kuuawa katika operesheni ambayo wenyewe waliiita kifagio, na sheria ya 1937 ikazipa halmashauri za wilaya za walowezi, ikiwamo ya Nakuru, mamlaka ya kuamua idadi ya mifugo, ekari na siku za kazi, ambazo baada ya Vita Vikuu vya Pili zilifika 240 na 270. Halmashauri hizo zilikuwa ndiyo serikali ya walowezi kwa umbo dogo, na yeyote anayetaka kujua dola yao ingekuwaje hana haja ya kubuni.

Olenguruone, juu ya Molo, inaonyesha jambo hili kwa karibu. Mwaka 1941 serikali iliwapeleka huko maskwota na Wakikuyu wengine waliofukuzwa kwingine. Wao waliipokea ardhi hiyo kama fidia ya githaka, yaani ardhi ya ukoo, waliyoipoteza Kiambu. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji, ikawawekea kanuni za namna ya kulima na namna ya kurithisha. Walikataa, wakala kiapo cha umoja, na kwa desturi ilikuwa jambo jipya, kwani wanawake na watoto pia waliapishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walifukuzwa, mahindi yao yakakatwa, mifugo ikachukuliwa, na wengi wakapelekwa nchi kavu ya Yatta. Kiapo chao kilikuwa kimekwisha kuenea katika mashamba ya Wazungu, kikawa mojawapo ya mizizi ya Mau Mau, uasi dhidi ya utawala wa Waingereza.

Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, watoto wa wale waliotaka kumteka gavana mwaka 1923 waliokolewa na jeshi lililoletwa na London kwa ndege. Kuanzia hapo dai la kujitawala peke yao lilikufa, kwa kuwa anayeandika hundi ya vita ndiye anayeamua amani. Mwaka 1960, katika mkutano wa Lancaster House, Uingereza ilikubali utawala wa Waafrika walio wengi, na Michael Blundell, mkulima wa Subukia aliyekuwa ameukubali ukweli huo, alirushiwa vipande 30 vya fedha miguuni na Mzungu mwenzake aliporudi Nairobi. Tarehe 12 Agosti 1963 Waziri Mkuu Jomo Kenyatta alikutana na mamia ya walowezi mjini Nakuru, akawaomba wasahau na wasamehe kama yeye alivyosamehe, wabaki walime, wakamshangilia.

Ardhi ilirudi kwa kununuliwa. Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962 kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, uliwapa mashamba takriban familia 35,000, ambazo zilitakiwa kulipa deni la ardhi iliyotwaliwa bila malipo. Mashamba mengine makubwa ya Nakuru yalinunuliwa na vigogo au na kampuni za wanahisa wadogo, na Wamaasai waliotolewa bondeni mwaka 1904 hawakuwamo katika hesabu hiyo. Mwaka 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa Olonana, Wamaasai waliandamana kudai ardhi waliyoipoteza. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010 haikuwarudishia, ila iliweka kikomo kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi nchini Kenya kwa zaidi ya miaka 99, na hati za miaka 999 zilizo mikononi mwa wasio raia zikageuzwa kuwa za miaka 99 kuanzia siku hiyo.